Shajara ya mradi: siku moja ya kujifunza nyumbani

Lengo, kama nilivyoliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kutengeneza siku moja ya kujifunza ambayo watoto wangu wawili wanaweza kuirudia likizo nzima, kwa vitu vilivyomo humu ndani, nami nikaisimamia bila kuacha kazi zangu zote. Mkubwa ana miaka 8, mdogo ana 6. Mkubwa anasoma vizuri, ila hesabu za kutoa zinamliza. Mdogo anapenda kuhesabu, lakini kusoma bado anabahatisha: anaangalia herufi ya kwanza, kisha anataja neno lolote linalomjia. Hayo mawili ndiyo niliyotaka kuyashughulikia. Sikutaka siku kumi tofauti zenye mbwembwe. Nilitaka moja iliyotulia.

Siku ya 1

Nilichukua ratiba ya shule nikaihamishia mezani kwetu: vipindi saba, dakika 40 kila kimoja. Kufika kipindi cha tatu mdogo alikuwa chini ya meza, na mkubwa amepitisha penseli kwenye mstari uleule mpaka karatasi ikatoboka. Nilipandisha sauti, na sikupenda nilivyosikika.

Jioni nilikaa nikafikiri. Darasani mwalimu mmoja ana watoto wengi. Sehemu kubwa ya kipindi huishia kugawa madaftari, kutuliza kelele, kuzunguka akisahihisha na kusubiri wa mwisho amalize. Hapa kwangu ni wawili tu, na kila mmoja nammulika muda wote. Dakika 40 za namna hiyo ni mzigo ambao hata shule yenyewe haumtwishi mtoto.

Siku ya 2

Sikufundisha jipya. Nilipima. Niliwapa kazi moja moja, nikatazama saa mpaka macho ya mtoto yaanze kutangatanga. Mdogo: dakika 12 kwa kusoma, dakika 25 kwa kitu chenye maji. Mkubwa: dakika 18 kwa hesabu za daftarini, lakini dakika 40 nzima alipokuwa anajenga kitu kwa vijiti. Basi kumbe hawakosi uvumilivu. Inategemea mikono ina kazi gani.

Ratiba ilipunguzwa kutoka vipindi saba hadi kazi nne. Kusoma, kuhesabu, jambo moja la kuchunguza, na hadithi.

Siku ya 3

Vijiti. Nilikusanya 92, vyenye urefu wa kidole, na nyuzi za kufungia.

Nilimpa mkubwa 42 kutoa 17. Aliandika 35. Si kwamba hakujali. Ukimtazama penseli utaona alichofanya: kwenye mamoja alikuta 2 juu na 7 chini, akaona 2 haitoshi, akageuza akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kisha 4 kutoa 1, akapata 3. Watoto wengi wa umri wake hukosea hivihivi, na kosa hili lina mantiki yake: kila safu kwake ni hesabu ndogo inayojitegemea, na dogo hutolewa kwenye kubwa.

Tukaweka daftari pembeni. Nikamwambia aweke mbele yake vijiti 42: mafungu manne ya kumi kumi na viwili vya pembeni. “Sasa nipe 17.” Akanipa fungu moja. Vikabaki saba vya kutoa, naye ana viwili tu mkononi. Akaniangalia. Akaangalia mafungu. Akauliza kama anaruhusiwa kufungua.

Hapo nikakosea kidogo, nikasema, “Ndiyo, hapo ndipo tunakopa.” Akaniuliza, “Tukikopa, Mama, tutarudisha lini?” Swali la haki kabisa. Neno *kukopa* tumelirithi darasani, lakini katika hesabu hii hakuna kinacholipwa. Hakuna hata kinachokopwa: kumi ileile iliyokuwa fungu imekuwa vijiti kumi. Kuanzia hapo tunasema *kufungua fungu*. Akafungua, akawa na mafungu mawili na vijiti 12, akanipa saba, akabaki na mafungu mawili na vijiti vitano. Alihesabu mara mbili. 25.

Mdogo wakati huo alikuwa anafunga mafungu ya kumi kwa ajili ya kaka yake. Sikupanga iwe hivyo, lakini imeingia kwenye mpango: kazi ya mkubwa ni kufungua, ya mdogo ni kufunga, na wote wawili wanashika kumi kwa vidole.

Siku ya 4

Nilikwenda haraka. Nilimrudisha kwenye karatasi tupu, 61 kutoa 24, akaandika 43. Kosa lilelile, kama vile jana haikuwepo. Niliumia, kisha nikaona nimeruka daraja. Kati ya kijiti na tarakimu lazima kuwe na picha. Sasa anachora: mstari mrefu kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. 61 ni mistari sita na nukta moja. Anakata mstari mmoja, anachora nukta kumi, kisha anafuta zinazotolewa. Alipata 37. Atachora hivyo mpaka mwenyewe aone kuchora kunamchelewesha. Sitamharakisha.

Siku ya 5

Leo ilikuwa zamu ya mdogo, nami nimejifunza zaidi yake.

Kiswahili kina bahati kubwa kwa mtoto anayeanza kusoma. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti ileile popote itokeapo. Mtoto akishajua kwamba *m* na *a* ni *ma*, basi ni *ma* katika *mama*, *samaki* na *mawimbi*. Kwa hiyo kubahatisha hakuna sababu. Nilidhani tukipiga makofi kwa kila silabi, mambo yatanyooka. Ka-la-mu, makofi matatu. Me-za, mawili. Ki-ta-bu, matatu. Alifurahi.

Tukafika kwenye *mtu*. Akapiga kofi moja. Nikamwambia ni mawili, m-tu. Akanikatalia: “Hiyo *m* haina mwenzake.” Na kweli, nilikuwa nimemfundisha asubuhi hiyo hiyo kwamba silabi ni konsonanti na irabu.

Ilinibidi nifikiri vizuri. Katika *mtu*, *mti* na *mtoto*, ile *m* inasimama peke yake kama silabi. Vivyo hivyo *n* katika *nchi* na *nne*, na *m* katika *mbwa*. Lakini katika *mbuzi* ile *m* imeegemea *b* inayoifuata, na silabi ni mbili: mbu-zi. Namweleza vipi mtoto wa miaka 6 tofauti hiyo bila sarufi?

Sikio ndilo lililotuokoa. Katika maneno yetu mengi mno, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nilimwambia ayaite maneno kana kwamba yako mbali, ng'ambo ya uwanja. “Kalaaamu!” “Kitaaabu!” Alipoita *mbwa*, sauti iliyorefuka ilikuwa *mmm*. “Mmmbwa!” Na alipoita *mbuzi*, iliyorefuka ilikuwa *mbuuu*. Akasimama. Akaita tena. Kisha akapiga makofi mawili kwa *mbwa*, mwenyewe, na kwa *nne* mawili pia: “Nnn-ne.” *M* isiyo na mwenzake ilikuwa imepata kofi lake.

Maneno tuliyoita leo: nzi, nge, mbu, mto, nyumba, ng'ombe, nchi, mlango. Kwa *ng'ombe* tulitazama ule mkato wa juu kwenye maandishi, tukalinganisha sauti ya *ng'* na ya *ng* katika *ngoma*. Aliisikia tofauti mara ya kwanza. Kuiandika bado.

Dakika 12 ziligeuka 30. Sikumkatisha.

Siku ya 6

Mdogo aliamka na homa kidogo. Hadithi tu, kitandani. Mkubwa alimsomea mwenzake, nami nikasikia kwamba anapofika kwenye alama ya kuuliza sauti yake haipandi. Nimeandika ili nikumbuke.

Siku ya 7

*Baba* na *dada*. Mdogo huyasoma kinyume, na nilikuwa namsahihisha kwa mdomo kila siku bila faida. Leo niliweka mchanga mkavu kwenye trei, kina cha ukucha. Wazo si langu. Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa wazifuate kwa vidole kabla hawajashika kalamu.

Nilichogundua ni kwamba macho yanaona *b* na *d* kuwa kitu kimoja kilichogeuzwa, lakini mkono hauoni hivyo, mradi kila herufi ianzie mahali pake. *B* inaanza na mstari wa kushuka, ndipo tumbo linakuja. *D* inaanza na tumbo, ndipo mstari. Ni safari mbili tofauti. Aliandika mchangani mara kumi hivi, akiitaja sauti kila mara. Jioni alisoma *dada* sawasawa, akasita kwenye *baba*, akachora hewani kwa kidole, akaipata. Naruhusu kidole hewani kwa muda wowote atakaokihitaji.

Siku ya 8

Kuchunguza. Tulianza na maji.

Nilimimina maji kwenye vikombe viwili vinavyofanana, nikawauliza kama yako sawa. Wote wakakubali. Kisha mbele yao nikahamishia kikombe kimoja kwenye glasi ndefu nyembamba. “Sasa?” Mdogo alionyesha glasi: “Humu yameongezeka.” Mkubwa akacheka, nikamzuia. Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi, alilieleza jambo hili zamani: mtoto mdogo huhukumu wingi wa maji kwa kimo chake, na kumweleza kwa maneno hakumsaidii sana. Kwa hiyo sikueleza. Nilimwachia vyombo na maji. Alimimina, akarudisha, akamimina tena. Bado anasema kwenye glasi yameongezeka, lakini safari hii alisema polepole, na aliporudisha kikombeni alitazama kimo kwa makini. Hilo lanitosha.

Halafu kivuli. Tulisimika fimbo uani. Mara ya kwanza iliegama, kwa hiyo mkubwa alifunga jiwe kwenye uzi tukapata timazi, tukainyoosha kwa kulinganisha na uzi. Kila saa wanaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli na kupima kwa rula kutoka shinani. Kabla ya kuanza niliwataka watabiri jiwe linalofuata litakaa wapi. Utabiri ndio unaowafanya watoke mbio saa ikifika. Bila utabiri wangekuwa wananihesabia mawe tu.

Jambo lililowashangaza: kivuli kifupi kuliko vyote hakikuangukia saa sita kamili. Saa za ukutani zimepangwa ili eneo kubwa lote litumie saa moja, lakini jua hufika kileleni mwa kila mahali kwa wakati wake. Mkubwa aliniuliza ni nani basi mwenye saa sita ya kweli. Tulizungumza hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Siku ya 9

Leo nilijisikiliza mwenyewe. Niliweka simu irekodi sauti wakati wa hesabu, nikaisikiliza usiku.

Ninauliza, na kabla mtoto hajavuta pumzi nimeshauliza tena kwa maneno mengine, au nimetoa nusu ya jibu. Mara zote! Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu darasani husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na watoto wengi zaidi hujitokeza kujibu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa kulisoma. Kulisikia kwa sauti yangu, juu ya watoto wangu, ni jambo jingine.

Mabadiliko: nikiuliza, nahesabu kimoyomoyo hadi tano, midomo imefungwa.

Siku ya 10

Tano ni ndefu mno ukiwa kimya. Nilishindwa mara nyingi asubuhi, mchana nikaweza. Mdogo alijibu maswali mawili ambayo jana ningekuwa nimemjibia.

Siku ya 11

Mdogo alihesabu vizibo vya chupa: “...ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na kumi.” Nilitaka kusahihisha, nikahesabu hadi tano, na ndani ya ukimya huo nikaelewa alichokuwa akifanya. Kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa, majina yetu ya namba yanajieleza yenyewe: kumi, na moja juu yake. Lakini *ishirini* haifanani na *mbili*, *thelathini* haifanani na *tatu*, *arobaini* na *nne* havina undugu wa kusikika, wala *hamsini* na *tano*. Majina hayo ya makumi yametoka Kiarabu. Sitini, sabini na tisini yanasikika pamoja na sita, saba na tisa, kwa sababu hata hayo madogo yametoka hukohuko, ila *themanini* inamwacha tena mtoto akiitafuta *nane* asiione.

Kwa hiyo “ishirini na kumi” lilikuwa jibu la mtu anayefikiri. Tulihesabu upya tukiwa na mafungu: makumi mawili na tisa, makumi matatu, makumi matatu na moja. Baada ya hapo ndipo nikampa majina: makumi matatu, tunaita thelathini. Alitengeneza karatasi yake, mafungu yaliyochorwa upande mmoja na jina upande wa pili.

Tukiwa hapo hapo mkubwa akaleta suala la saa, kwa sababu ya mawe ya kivuli. Mshale mfupi uko kwenye 9 na mimi nasema saa tatu. Nilimwonyesha kwenye saa ya karatasi: angalia namba iliyo ng'ambo, mkabala na mshale mfupi. 9 inatazamana na 3. 7 inatazamana na 1. 12 inatazamana na 6. Hesabu yetu inaanza kuhesabia saa za mchana asubuhi jua likishachomoza, na tofauti ni saa sita daima, yaani nusu ya duara. Aliweka rula katikati ya duara akaizungusha, akiangalia inagusa namba zipi pande mbili. Rula hiyo nimeiacha imebandikwa kwa pini.

Siku ya 12

Siku nzima, kwa mpango uliokamilika.

Saa mbili asubuhi: jiwe la kwanza la kivuli, na utabiri. Kisha dakika kumi za maswali ya jana, vitabu vikiwa vimefungwa. Sehemu hii niliiongeza kwa kumkumbuka Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaandika mwaka 1885 jinsi kinachojifunzwa kinavyopotea upesi kisiporudiwa. Mdogo alikumbuka *nchi* na *nge*, akasahau *mlango*, tukaita *mlango* ng'ambo ya uwanja.

Saa mbili na nusu: mdogo mchangani na kwenye makofi, mkubwa akiandika sentensi tano kuhusu kivuli. Sentensi yake ya tatu ilikuwa na neno *labda*, kwa hiyo ameanza kutofautisha anachokijua na anachokidhani.

Saa tatu: jiwe, kisha vijiti kwa pamoja. Mapumziko marefu baada ya hapo, nje, bila mimi kupanga chochote.

Saa nne na nusu: kuchunguza. Mafinyango leo. Donge lilizama, nikawaachia ndoo. Baada ya dakika 20 hivi mdogo alilitandaza likawa kama bakuli, likaelea, akapiga kelele zilizonitoa jikoni. Mkubwa akaanza kupakia kokoto ndani yake moja moja, akihesabu, hadi lilipozama kwa kokoto ya 14. Wakatengeneza pana zaidi.

Saa sita: jiwe, hadithi, basi.

Mpango hauna kazi ya kuandika mchana. Nilijaribu siku ya 4 na ya 5, ikaleta machozi tu. Mchana ni wao.

Jioni baba yao aliporudi, jua halijazama, mkubwa alitaka kumwonyesha vijiti. “Hatukopi,” alimwambia, “tunafungua.” Akamfanyia 42 kutoa 17 bila daftari. Baba yake akauliza, “Na nikikupa mia, ukanitolea 37?”

Mkubwa alinyamaza. Nilihesabu hadi tano, nikaendelea hadi kumi na moja. Mume wangu alinitazama, nikamtikisia kichwa asiseme.

Kisha mtoto akaondoka, akarudi na uzi mrefu kuliko mingine. Akamwambia mdogo wake alete mafungu yote ya kumi, ayapange pamoja. Wakaanza kuyazungushia uzi: fungu la mafungu. Yalikuwa tisa, na vijiti viwili vya pembeni.

“Vimepungua vinane,” alisema mdogo, na wakatoka wote wawili kwenda kutafuta.